Mwani, Mikoko na Hesabu ya Hewa Ukaa: Uchambuzi wa Kisa cha Kampuni ya Utalii Jijini Arusha

Usuli

Kampuni inayozungumziwa hapa ni ya familia, ina ofisi jijini Arusha, na hupeleka wageni Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti kwa magari ya dizeli. Jina lake, majina ya wahusika, kijiji cha pwani kilichohusika na kampuni iliyowaletea pendekezo vyote vimeondolewa. Niliitwa katika vikao kwa kazi moja tu, kupitia upande wa sayansi ya bahari, na ninaandika kwa idhini ya familia hiyo kwa sababu pendekezo la aina hii linaendelea kuzunguka katika ofisi nyingi za utalii.

Wakala wa Ulaya anayewaletea sehemu kubwa ya wageni alikuwa ameanza kuuliza kila msimu jinsi wanavyofidia hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotokana na safari zao. Swali lilikuwa la haki. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, hivyo gari linalotumia lita 15 kwa kila kilomita 100 litatoa zaidi ya kilo 400 katika mzunguko wa kilomita 1,000, na hapo ndege aliyokuja nayo mgeni haijahesabiwa. Mkurugenzi hakuwa na jibu la kumpa wakala, na dalali mmoja wa miradi ya mazingira alipofika ofisini akiwa na jibu lililokamilika, alipokelewa vizuri.

Pendekezo lilikuwa hivi: kwa kila mgeni, kampuni ichangie kiasi fulani cha fedha kwa mashamba ya mwani ya mashariki mwa Unguja, kisha iruhusiwe kuandika katika matangazo yake kwamba safari zake hazina hewa ukaa. Dalali alieleza kwamba mwani huvunwa baada ya takriban majuma sita, kwamba kiasi cha robo ya uzito wake mkavu ni kaboni, na kwamba kila tani ya kaboni hulingana na tani 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani moja ya mwani mkavu ilikuwa imefyonza karibu tani 0.9 ya hewa ukaa. Hesabu hiyo, kama hesabu, ni sahihi, na usahihi wake ndio uliowafanya wasikilizaji wakubali mengine yote yaliyofuata bila kuyahoji.

Mambo yalivyokwenda

Kikao cha kwanza kilikuwa na watu watano, mbali na dalali: mkurugenzi, mdogo wake ambaye ni mhasibu, dereva mkuu ambaye wote humwita Mzee, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Moshi aliyemfundisha mkurugenzi sekondari, na mimi. Mkurugenzi alikuwa karibu kutia saini. Aliyesimamisha mambo ni Mzee, ambaye hakuwa amesema neno kwa muda mrefu.

"Samahani, mwanangu," alimwambia dalali, "mwani ukishavunwa unapelekwa wapi?"

Dalali alijibu kwamba hukaushwa, hufungwa katika marobota na kuuzwa viwandani nje ya nchi.

"Na huko kiwandani unafanywa nini?"

Hutolewa ute uitwao karajinani, unaotumika kugandisha vyakula vya maziwa, dawa ya meno na vipodozi.

"Kwa hiyo mtu anaula. Akishaula, hiyo kaboni inakwenda wapi?"

Jibu halikuwepo. Karajinani ni kabohaidreti; ikishaliwa au kuoza, iwe tumboni, katika maji taka au jalalani, sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi angani ikiwa hewa ukaa, na yote hayo hutokea ndani ya miezi au miaka michache. Mhasibu aliyapokea maneno ya Mzee kwa lugha ya kazi yake, akasema kwamba fedha iliyoingia asubuhi na kutoka jioni haiandikwi katika akaunti ya akiba. Aliomba mkataba usitiwe saini mpaka wajue kwa kila njia ya baharini kaboni inakaa wapi na kwa muda gani. Ombi hilo lilikuwa uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio uliozaa maamuzi mengine yote.

Kikao cha pili kilifanyika Moshi, nyumbani kwa Mwalimu, ambaye alitandika mezani ramani ya Bahari ya Hindi aliyoitumia darasani kwa miaka mingi. Kwa kuwa kisa hiki hakieleweki bila yaliyozungumzwa siku hiyo, nitayaeleza kwa kirefu.

Bahari inavyohifadhi kaboni

Bahari za dunia zina kaboni zaidi ya mara 40 ya ile iliyomo angani, na kila mwaka humeza takriban robo ya hewa ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu. Sehemu kubwa mno ya kaboni hiyo haimo katika mwili wa kiumbe chochote, bali imeyeyuka majini, hasa katika umbo la bikaboneti. Maji baridi huyeyusha hewa ukaa nyingi kuliko maji ya moto. Kaskazini mwa Atlantiki, karibu na Greenland, na pembezoni mwa Antaktika, maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama yakiwa yamebeba kaboni yake hadi vilindini, ambako yatatembea polepole kutoka bahari moja hadi nyingine kwa karne nyingi kabla ya kukutana tena na anga. Hiyo ni akiba ya kweli, na haihitaji mche wala mkulima.

Njia ya pili hupitia kwa viumbe. Planktoni ya mimea, yaani mimea midogo inayoelea majini na ambayo mingi haionekani kwa macho, hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia, ingawa uzito wake kwa wakati wowote ule ni mdogo sana ukilinganishwa na wa misitu. Sababu ni kwamba huliwa ndani ya siku chache, na walaji wake huirudisha kaboni majini kwa kupumua, karibu kabisa na uso wa bahari. Sehemu ndogo hushuka chini ikiwa kinyesi, mizoga na chembe zilizogandamana, na nyingine hubebwa na samaki wadogo na jamii ya kamba wanaopanda kula usiku na kushuka mamia ya mita alfajiri, kila siku, katika bahari zote. Inayofika kwenye sakafu ya bahari ya kina kirefu na kuzikwa humo haifiki hata asilimia moja ya ile iliyotengenezwa juu. Kina ndicho kinachoamua muda: kaboni iliyopumuliwa mita 50 chini ya uso hurudi angani mapema, na iliyopumuliwa mita 2,000 chini yaweza kusubiri mamia ya miaka.

Mwalimu aliirudisha ramani kwetu akauliza pwani ya Tanzania inaingia wapi katika picha hiyo. Mkondo wa Ikweta Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hupita kaskazini mwa Madagaska na kufika Afrika karibu na Cape Delgado, ambako hugawanyika. Tawi la kaskazini ni Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopita mbele ya Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba ukielekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo huusukuma na kasi yake huongezeka. Wakati wa kaskazi hupungua, na mbele ya pwani ya Kenya hukutana na mkondo wa Somalia uliogeuka kuelekea kusini, kisha yote miwili huelekea mashariki. Maji yake ni ya juu, ya moto, na yana rutuba kidogo. Wala hapa si mahali ambapo maji ya juu huzama vilindini. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu, na ingawa ule wa Pemba una mamia ya mita, mashamba ya mwani ya Unguja yapo ndani ya miamba, katika maji ambayo mtu hutembea wakati wa kupwa. Kipande cha mwani kinachokatika huko huishia kuoza ufukweni au kuliwa na samaki.

Kulikuwa na hoja nyingine ambayo dalali hakuigusa, na ambayo huachwa mara nyingi hata na watu wenye elimu. Mwani haufyonzi hewa ukaa kutoka angani. Huifyonza kutoka majini. Ili anga ipungukiwe, lazima maji hayo yavute hewa ukaa nyingine kutoka juu kufidia iliyochukuliwa, na ubadilishanaji huo ni wa polepole, wa miezi mingi hadi takriban mwaka, kwa sababu hewa ukaa ikiingia majini hujigawa katika maumbo mengine ya kaboni kabla maji hayajafikia mizani na anga. Katika muda huo mkondo umekwisha kuyapeleka maji hayo mbali kabisa na shamba. Hakuna mtu anayeweza kusimama kando ya kamba na vijiti vyake huko Paje, mashariki mwa Unguja, akathibitisha kwamba anga limepungukiwa tani fulani.

Mkurugenzi aliuliza kama basi ingekuwa afadhali kulipia matumbawe. Matumbawe yanastahili kulindwa kwa sababu nyingi, lakini si kwa hesabu hii, kwani kiumbe kinapojenga mifupa yake ya chokaa kutokana na bikaboneti hutoa hewa ukaa majini. Isitoshe, hewa ukaa ambayo bahari imemeza tangu mapinduzi ya viwanda imeshusha kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapoongezeka, katika maji ya juu kutoka karibu 8.2 hadi 8.1. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa sababu ya jinsi kipimo kinavyopangwa, nayo ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30, na viumbe vyenye magamba na chokaa ndivyo vinavyolipa.

Maamuzi na sababu zake

Kampuni ilikataa mkataba wa mwani. Iliamua pia kwamba maneno "safari isiyo na hewa ukaa" hayataonekana katika tangazo lake lolote. Mkurugenzi aliona ugumu hapo, maana washindani wake waliyatumia, lakini mhasibu alishikilia kwamba neno wasiloweza kulithibitisha mbele ya mgeni ni deni.

Uamuzi uliofuata ulikuwa kupunguza dizeli kabla ya kufikiria bahari. Mzee ndiye aliyeuongoza, na nilivutiwa na jinsi alivyoujua upotevu kuliko mtu yeyote ofisini: magari yanayoachwa yakinguruma kandokando ya simba, matairi yenye upepo mdogo, ratiba zinazomrudisha mgeni njia ileile mara mbili, magari yanayokwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kupokea mgeni mmoja mmoja siku moja. Lita isiyochomwa haina mjadala wa muda wala wa mkondo.

Fedha zilizokuwa zimetengwa kwa mwani zilielekezwa kwa kikundi cha wanakijiji katika Mkoa wa Tanga wanaotunza mikoko, kwa makubaliano na wahifadhi wa misitu, kwa kuwa mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi. Sababu ya kuchagua mikoko ilitokana na swali lilelile la mhasibu. Katika msitu wa mikoko kaboni nyingi haimo katika miti, imo katika tope chini yake. Mizizi hunasa mashapo yanayoletwa na mto na kujaa kwa maji, majani na mizizi iliyokufa hufukiwa humo, na kwa kuwa tope hilo halina oksijeni, uozo huwa wa polepole mno. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 kutoka misitu ya mikoko ya ukanda wa Bahari ya Hindi na Pasifiki vilipata wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta, nyingi zikiwa ardhini. Kaboni ya namna hiyo yaweza kukaa karne nyingi, ilimradi tope lisifukuliwe wala kukaushwa.

Mfano wa karibu ulikuwepo pia. Mradi wa Mikoko Pamoja, katika ghuba ya Gazi kusini mwa pwani ya Kenya, umekuwa ukiuza kaboni tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117, kwa kiasi cha takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Tuliutazama kwa ajili ya kujua ulihitaji nini: miaka ya utafiti, vipimo vya udongo, cheti kutoka nje na kijiji kinachosimamia mapato yake. Kikundi cha Tanga hakikuwa na vitu hivyo, na Tanzania ina kanuni zake za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Kwa hiyo fedha zilitolewa kama mchango, bila kampuni kudai tani hata moja.

Matokeo

Msimu wa kwanza wa upandaji ulikwenda vibaya. Kampuni ilitaka wageni wake wanaomalizia mapumziko pwani wapande miche na kupigwa picha, na mahali palipofikika kwa urahisi palikuwa uwanda mtupu wa matope upande wa bahari. Miche yote ilikuwa ya jamii moja tu ya mikoko, ile iitwayo hasa mkoko, kwa sababu mbegu zake ndefu huchomekwa ardhini bila kitalu. Kusi ilipoanza, mawimbi yaling'oa mingi, na iliyobaki ilizama muda mrefu mno kila siku na kuvamiwa na chaza wadogo wanaoganda kwenye mashina. Iliyopona ilikuwa michache sana.

Wanakikundi wazee walikuwa wamesema mapema kwamba pale hapajawahi kuota mti. Mikoko huota, kwa kawaida, kati ya usawa wa wastani wa bahari na pale maji ya bamvua, yaani kujaa kukubwa kwa mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapofika, na mahali pale palikuwa chini ya hapo. Tena upande wa bahari kwenye pwani zetu hukaliwa na mlilana na mchu, huku mkoko ukipendelea kingo za vijito na sehemu za ndani zaidi.

Msimu wa pili hakuna aliyepanda. Wanakikundi waliwaonyesha wataalamu eneo la nyuma, lililokuwa mashamba ya chumvi yaliyoachwa, ambapo tuta la zamani lilizuia maji ya kujaa. Fedha za kampuni zilitumika kukata tuta hilo sehemu kadhaa na kufungua kijito. Maji yaliporudi yalileta mbegu za mchu, mkandaa na mkoko kutoka msitu wa jirani, na machipukizi yakaanza kuonekana yenyewe, kila jamii mahali pake. Kikundi kinaendelea kuyahesabu kila baada ya kusi.

Upande wa biashara, wakala wa Ulaya aliridhika na taarifa ya matumizi ya dizeli inayotolewa kwa kila safari. Wakala mwingine aliyetaka cheti alihamishia kundi lake kwa kampuni nyingine, na mkurugenzi aliliumia jambo hilo waziwazi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kwamba swali lililoongoza halikuwa la bahari hata kidogo. Lilikuwa la kufuata kitu hadi mwisho wake. Mzee hakujua usanisinuru, lakini alifuata robota la mwani kutoka ufukweni hadi tumboni mwa mlaji, na hapo pendekezo lote likaanguka. Sayansi iliyofuata ilieleza kwa nini alikuwa sahihi. Ninaona ni muhimu kulisema hili kwa sababu vikao vya namna hii huwanyamazisha watu kama yeye pindi picha za rangi na desimali zinapowekwa ukutani.

Ilisaidia pia kwamba Mwalimu hakuizungumzia bahari kama kitu kimoja. Mtu anapoambiwa "bahari hufyonza kaboni", huiona kama chombo kimoja kinachopokea popote unapomimina, ilhali maji ya Greenland, maji ya Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki na tope la mikoko ya Tanga hushika kaboni kwa njia tatu tofauti na kwa muda tofauti. Mradi unaokopa takwimu za bahari kuu na kuzibandika kwenye mwambao usio na kina unaweza kutaja namba za kweli tupu na bado usiwe wa kweli.

Kilichoshindikana msimu wa kwanza kilitokana na kampuni kusahau, ndani ya miezi michache, kanuni iliyoijenga yenyewe. Mkataba wa mwani ulihojiwa kwa makini kwa sababu uliletwa na mtu wa nje, lakini upandaji wa mikoko haukuhojiwa kwa sababu ulionekana mwema. Hakuna aliyeuliza mche huu utakuwa wapi baada ya miaka 20, wala nani anayejua maji hufika wapi wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo. Waliokuwa na majibu walikuwa palepale wakibeba miche. Picha za wageni ndizo zilizochagua eneo, na mahitaji ya picha, yaani mahali peupe na karibu na barabara, ni kinyume karibu kabisa cha mahitaji ya mkoko.

Kuhusu mwani wenyewe, sitaki msomaji aondoke akiudharau. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wake wengi ni wanawake, na kimelipa ada za shule na kujenga nyumba. Kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kadiri yanavyozidi joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani inayouzwa kwa bei ya chini. Anayetaka kuwasaidia akina mama hao anunue sabuni na bidhaa zao, au asaidie wapate vyombo vya kulimia kwenye kina kirefu kidogo ambako maji ni ya baridi zaidi. Hilo ni jambo jema linalojitegemea, na lilikuwa linapunguzwa hadhi kwa kuvalishwa hesabu ya hewa ukaa.

Lipo pia jambo ambalo kampuni haijalishughulikia, nami nililiweka katika taarifa yangu. Vijito vinavyopita katikati ya Arusha huishia mto Kikuletwa, ambao pamoja na Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji huitwa Pangani hadi baharini. Maji yanayochotwa kwa umwagiliaji miteremkoni mwa Meru na Kilimanjaro, pamoja na mashapo yanayobaki bwawani, ni maji na mashapo yasiyofika kwenye mikoko ya mlango wa mto huo, ambako chumvi imekuwa ikipanda kuelekea bara. Hoteli mbili ambazo kampuni hulaza wageni wake kila msimu zina bustani zinazomwagiliwa kutoka vijito hivyo, na mkurugenzi ameahidi kulipeleka suala la maji katika mazungumzo ya mkataba wao ujao.